Mvinyo mwekundu wa kufurahia bila kutoboa mfuko

Chupa ya mvinyo mwekundu ya bei ya chini ikikuangusha, mara nyingi kosa si la bei. Kwa joto letu na maduka yetu, makosa ni matatu: chupa imepikwa na jua kabla hujailipia, utamu au ukavu wake si ule uliodhani unanunua, au umeimimina ikiwa na joto la sebule la nyuzi 30. Mvinyo wa kawaida uliokwepa hayo matatu unanyweka vizuri kuliko wa bei mara mbili uliokaa nusu mwaka kwenye dirisha linalotazama magharibi. Ndiyo maana tunaanzia dukani. Majina ya zabibu yatafuata.

Duka kwanza

Mvinyo ukikaa wiki nyingi kwenye joto linalopita nyuzi 25 huanza kuchoka, na ukifika 30 na kitu huchoka upesi. Mchana kimiminika hutanuka na kusukuma kizibo. Usiku kikipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Hewa hiyo, siku baada ya siku, huondoa harufu ya matunda mabichi na kuacha harufu ya zabibu kavu zilizochemshwa, na mwisho siki. Duka lenye kiyoyozi linalozima umeme usiku halikusaidii sana kuliko lisilonacho kabisa lakini lina kuta nene na kivuli. Joto linalopanda na kushuka kila siku ni baya kuliko joto la wastani lisilobadilika.

Kwa hiyo kabla ya kusoma lebo, tazama mahali chupa ilipo. Rafu za chini na za ndani ndizo salama zaidi. Epuka chupa za dirishani, zilizo chini ya taa ya moto, na hasa zile zilizopangwa juu ya friji la soda kama mapambo: mgongo wa friji hutoa joto mchana kutwa, na chupa hizo ndizo za kwanza kuiva. Kisha inua chupa uitazame kwenye mwanga. Mvinyo uwe umepanda hadi kwenye shingo. Ukikuta chupa ya miaka miwili imeshuka hadi begani, ujue imevuja au imepumua. Pitisha kidole juu ya mdomo: kizibo kiwe sawa na ukingo wa chupa au chini yake kidogo. Kikiwa kimevimba juu, au shingoni pananata kama pamemwagikiwa juisi, rudisha rafuni hata kama imepunguzwa bei. Hasa kama imepunguzwa bei.

Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo wa hovyo. Ni kweli kilianza kuonekana zaidi kwenye chupa za bei ya chini, lakini kwa mazingira ya hapa ni rafiki. Hakikauki chupa ikisimamishwa wima miezi mingi, na hakileti ule ugonjwa wa kizibo unaofanya mvinyo unuke boksi lililolowa. Kati ya chupa mbili za bei moja dukani Dar es Salaam au Mombasa, yenye kifuniko cha kuzungusha ina nafasi kubwa zaidi ya kufika kwako ikiwa nzima.

Muulize muuzaji swali moja tu: mzigo huu umeingia lini? Duka la jumla linalouza katoni kila wiki litakupa chupa changa kuliko duka la kifahari linalouza chupa mbili kwa mwezi. Punguzo la mwisho wa mwaka ni zuri pale duka linapouza mzigo mpya kwa wingi. Likiwa punguzo la kufuta vumbi, utaona mwenyewe kwenye mwaka wa mavuno. Na kwa kuwa chupa za kujazwa upya zipo mitaani, hakikisha stempu ya ushuru. Tanzania kuna programu ya simu ya TRA iitwayo Hakiki Stempu, Kenya kuna Soma Label ya KRA. Ni nusu dakika ya kazi.

Kusoma lebo bila kudanganywa

Geuza chupa usome nyuma. Mbele ni picha. Habari ziko nyuma.

Cha kwanza ni utamu. Malalamiko mengi ya "huu mvinyo mchungu" au "huu ni juisi" yanatoka hapa. Neno "dry" maana yake mkavu: sukari karibu yote imegeuka pombe. Kwa sheria za Afrika Kusini, ambako chupa nyingi za rafu zetu zinatoka, mvinyo mkavu hauna zaidi ya gramu 5 za sukari kwa lita. "Semi-sweet" unaweza kufika gramu 30, na "Natural Sweet" huanzia juu ya gramu 20. Ili upate picha: gramu 30 kwa lita ni kama kijiko kimoja cha chai cha sukari kwenye glasi ya mvinyo. Si dhambi. Mtu aliyezoea soda na juisi ya ukwaju akianza na mvinyo mkavu mzito atachukia mvinyo wote. Aanze na wenye utamu kiasi, kisha apande.

Lebo ikinyamaza kuhusu utamu, angalia kiwango cha pombe. Mvinyo mwekundu wa asilimia 7.5 hadi 9 mara nyingi ni mtamu, maana sukari haikuachwa igeuke yote. Asilimia 12 hadi 13 ni mwepesi au wa kati. Asilimia 14 na zaidi ni mzito, umetoka kwenye jua kali, na unahitaji chakula. Ukikuta 16 au zaidi, mara nyingi huo umeongezwa pombe: ni kinywaji kingine, cha glasi ndogo.

Kisha tafuta orodha ya viambato. Ukiona maji, sukari, rangi na "ladha ya zabibu", hicho si mvinyo. Ni kinywaji chenye pombe kilichovaa nguo za mvinyo, na hakuna ujanja wa friji utakaokiokoa.

Mwaka wa mavuno una maana kubwa kwa mvinyo wa bei nafuu, lakini kinyume na watu wanavyodhani. Mvinyo huu haukutengenezwa ukae. Unywe ndani ya miaka miwili hadi minne tangu mavuno. Yule anayesema "mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga" anazungumzia sehemu ndogo sana ya mivinyo ya dunia, iliyohifadhiwa kwenye maghala ya nyuzi 12 au 13, wala si chupa iliyo juu ya kabati lako. Kumbuka pia kwamba Afrika Kusini zabibu huvunwa hasa kati ya Februari na Aprili, na Ulaya ni Septemba na Oktoba. Kwa hiyo chupa ya Afrika Kusini na ya Ufaransa zenye mwaka mmoja zimepishana umri wa nusu mwaka.

Mahali zabibu zilipotoka pakitajwa kwa udogo, ni ishara njema. "Western Cape" ni eneo kubwa sana. "Stellenbosch", "Swartland" au "Robertson" ni mahali mahususi. Mfumo wa Afrika Kusini wa kuthibitisha asili ulianza 1973: chupa ikitaja eneo, zabibu zote lazima ziwe za hapo, na ikitaja aina ya zabibu au mwaka, angalau asilimia 85 iwe hivyo. Chupa iliyothibitishwa huwa na stika ndogo yenye namba shingoni. Upande wa Ulaya, ukikuta maandishi yanasema tu kwamba ni mchanganyiko wa mivinyo ya nchi za Umoja wa Ulaya, jua umechotwa popote palipokuwa na ziada.

Maana ya neno "Reserva" kwenye lebo inategemea nchi. Hispania ina sheria: mvinyo mwekundu wa eneo la Rioja ulioandikwa "Crianza" umekaa miaka miwili kabla ya kuuzwa, mwaka mmoja kati ya hiyo kwenye pipa, "Reserva" ni miaka mitatu. Chile neno hilo limelegea, usililipie zaidi kwa sababu yake peke yake. Uzito wa chupa hauna maana yoyote. Shimo la kitako cha chupa halina maana yoyote. Nishani za dhahabu zilizobandikwa zina maana kidogo kuliko zinavyong'aa.

Pesa yako inakwenda wapi

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme chupa tupu, kizibo, lebo, katoni, nafasi kwenye kontena, ushuru unaotozwa kwa ujazo na lori kutoka bandarini vinagharimu shilingi 14,000 za Tanzania kwa kila chupa, ndani kuwe na maji au dhahabu. Chupa inayouzwa 18,000 imebakiza 4,000 za kugawana mkulima, mtengenezaji na muuzaji. Chupa ya 26,000 imebakiza 12,000. Wewe umeongeza chini ya nusu ya bei, lakini kilichobaki kwa ajili ya kilichomo ndani kimekuwa mara tatu. Huko juu zaidi, nyongeza huanza kulipia mapipa mapya, chupa nzito na jina.

Kutokana na hesabu hiyo kuna kanuni rahisi inayofanya kazi kwenye duka lolote na sarafu yoyote. Tafuta mvinyo mwekundu mkavu wa mililita 750 wa bei ya chini kuliko yote hapo dukani. Zidisha bei yake kwa moja na nusu. Kati ya hapo na mara mbili ndipo ununue. Chini ya hapo unalipia kontena, na juu ya hapo subiri mpaka ujue unachopenda.

Boksi la lita 3 ni chupa nne, la lita 5 ni chupa sita na glasi tatu hivi. Gawanya bei kabla ya kushangilia. Boksi lina faida ya kweli: mfuko wa ndani hunywea mvinyo unavyotoka, hewa haiingii, na ukiliweka kwenye friji linadumu wiki tatu hadi tano baada ya kufunguliwa. Hasara yake ni kwamba plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo hata kabla hujalifungua. Tafuta tarehe ya kufungashwa, na lililopita mwaka mmoja liache.

Zabibu zipi, za wapi

Kabla ya majina, jifunze neno moja: ukakasi. Ndiyo ile hali ya zambarau changa au bibo kukausha ulimi na ufizi. Kwenye mvinyo mwekundu unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kitu chenyewe kinaitwa tanini. Chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake kwa robo saa ina tanini hiyohiyo. Kama chai hiyo huwezi kuinywa bila sukari, anza na mivinyo yenye ukakasi mdogo: Merlot, Cinsault, Garnacha. Kama unaipenda, nenda Cabernet Sauvignon na Shiraz. Watu wengi huita ukakasi "uchungu" au "ukavu", kisha wakaomba mvinyo usio sahihi. Mvinyo unaweza kuwa mkavu kabisa na usiwe na ukakasi wa kusumbua.

Afrika Kusini ndiyo mahali pa kuanzia kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu safari ni fupi na chaguo ni pana. Zabibu ya kwao wenyewe ni Pinotage, aliyoizalisha Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault, ambayo wakati huo huko Cape waliiita Hermitage. Pinotage nzuri ya bei ya kati ina harufu ya zambarau na moshi kidogo, na inakaa vizuri na nyama choma. Mbaya utaitambua mara moja: inanuka rangi ya kucha au ndizi iliyoungua, kwa sababu ilichachushwa kwenye joto kubwa mno. Ipo pia ile yenye harufu kali ya kahawa. Haina kahawa ndani. Harufu hiyo inatoka kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa sana. Wengine wanaipenda kupita kiasi, wengine wanaona kama kunywa kiberiti. Cinsault ya Swartland au Paarl ni siri iliyo wazi: nyepesi, ya matunda, inafaa kupozwa, na kwa kuwa jina lake halijulikani sana bei yake haijapanda kama ya Cabernet.

Kuhusu Dodoma, watu husema kwa pupa, ama kwa kusifu ama kwa kudharau. Mji upo karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mzabibu haupati majira ya baridi ya kulala. Mkulima ndiye anayeulaza kwa kuupogoa, na kwa hiyo anavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kiangazi huiva bila mvua, matunda yanakuwa na sukari zaidi na kuoza kidogo. Zabibu nyekundu inayotegemewa zaidi inabeba jina la Makutupora, palipo kituo cha utafiti kaskazini ya mji. Upande wa Hombolo zipo pia zabibu za asili ya Italia. Mvinyo wa Dodoma haubebi gharama ya meli wala forodha, na Tanzania hutoza ushuru mdogo wa bidhaa kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Ndiyo sababu chupa kavu ya Dodoma inaweza kukupa zabibu nyingi zaidi kwa shilingi ileile.

Tatizo lake ni kutolingana: chupa ya mwezi huu na ya miezi minane ijayo zaweza kutofautiana. Tafuta tarehe ya kujazwa, nunua isiyopita mwaka, hakikisha imeandikwa kavu kama ndicho unachotaka (nyingi ni tamu), na ukipata iliyokupendeza rudi ununue nne za mzigo uleule kabla hazijaisha. Ule wa kupimwa kutoka kwenye dumu la plastiki unywe siku hiyohiyo au uache. Dumu lililofunguliwa mara ishirini ni kiwanda cha siki. Kwa walio Kenya, upande wa Naivasha kuna mvinyo uitwao Leleshwa, na kanuni ni zilezile.

Chile kuna Cabernet na Merlot za kuaminika, na Carmenère, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa ni Merlot hadi mtaalamu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua mwaka 1994. Ikivunwa changa hunuka pilipili hoho; harufu hiyo ikiwa ndogo inapendeza, ikijaa glasi nzima zabibu hazikuiva. Malbec ya Mendoza, Argentina, ndiyo salama kuliko zote kumpelekea mtu usiyejua anapenda nini: ina rangi nzito, matunda mengi, ukakasi laini.

Kwa walioko Ulaya, ambako Malbec na Rioja zimejaa kila supamaketi, pesa ndogo inafika mbali zaidi kwenye majina yasiyotajwa sana: Garnacha za Campo de Borja, Calatayud na Cariñena na Monastrell ya Jumilla, zote za Hispania, nyekundu za Alentejo na Lisboa za Ureno, Montepulciano d'Abruzzo ya Italia. Hii ya mwisho isichanganywe na Vino Nobile di Montepulciano wa Toscana; kwenye jina la kwanza Montepulciano ni zabibu, kwenye la pili ni mji, na bei nazo zinapishana.

Vya kuepuka kwenye bei ya chini ni zabibu ya Pinot Noir na mvinyo wa eneo la Bordeaux, Ufaransa. Pinot Noir inataka baridi, inazaa kidogo na ni ngumu kulima, hivyo ya bei rahisi huwa maji yenye rangi au imechanganywa. Bordeaux ya bei ya chini kabisa unalipia jina, nao mvinyo wenyewe ni mwembamba na mkali. Ukitaka Mfaransa, chukua Côtes du Rhône au wa Languedoc.

Baridi kidogo, hewa kidogo

Maneno "mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba" yalisemwa kwenye vyumba vya mawe vya Ulaya, si Temeke mwezi wa Februari. Joto linalotakiwa ni nyuzi 15 hadi 18, na kwa mivinyo myepesi hata 13. Juu ya hapo pombe inapanda puani, utamu wa matunda unakuwa kama jemu, na kila kasoro inajitangaza.

Chupa iliyo na nyuzi 30 inahitaji saa moja na nusu hadi mbili kwenye friji ya kawaida. Nairobi au Arusha, ikianzia nyuzi 22, dakika 45 zinatosha. Una haraka? Ndoo yenye nusu barafu na nusu maji itamaliza kazi kwa dakika 10 hadi 15. Barafu peke yake bila maji ni polepole, kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu. Friza ni nusu saa, na weka kengele kwenye simu: chupa iliyosahaulika huganda, hutanuka na kusukuma kizibo, au hupasuka. Bila kipimajoto, shika tumbo la chupa: iwe na ubaridi wa maji ya mtungi wa udongo, sio wa soda. Ikizidi baridi, ukakasi unaongezeka na harufu inafungwa. Shika glasi kwa viganja viwili dakika tatu.

Kizibo kikikatikia ndani, usipigane nacho. Kisukume kiingie, kisha mimina kupitia chujio safi la chai kwenye jagi la kioo. Jagi la plastiki lililowahi kubeba juisi ya pasheni litaupa mvinyo pasheni. Kwa kweli jagi linafaa hata kizibo kikiwa kizima: mvinyo mchanga wenye ukakasi hulainika ukikaa humo dakika 20 hadi 30, na ile harufu ya mpira au kiberiti inayotokea kwenye chupa za kifuniko cha kuzungusha huondoka ukimimina mara mbili kutoka jagi hadi jagi. Harufu ya boksi lililolowa au tambara bichi haiondoki. Huo ni ugonjwa wa kizibo: funga, rudisha dukani na risiti siku inayofuata.

Suuza glasi kwa maji matupu ili harufu ya sabuni itoke, na jaza theluthi tu. Mililita 150 kwa glasi, chupa inatoa glasi tano.

Mezani

Chumvi na mafuta hupunguza ukakasi, pilipili huuchochea. Ndiyo maana Cabernet inayokaba ukiinywa yenyewe inakuwa laini ghafla ukitafuna ubavu wa mbuzi wenye chumvi, na mvinyo uleule unachoma kama moto ukiukutanisha na pilau iliyoambatana na kachumbari ya pilipili mbuzi. Kwa chakula chenye pilipili chagua Garnacha, Cinsault au Merlot ya asilimia 13 au chini, ipozwe zaidi ya kawaida. Utamu kidogo nao unasaidia hapa, wajuzi wanune wasinune. Ndimu na siki ya kachumbari hufanya mvinyo dhaifu uonekane maji. Weka kachumbari kidogo au chagua mvinyo wenye ukali wake wa asili, kama Montepulciano d'Abruzzo.

Samaki wa kupaka na mvinyo mwekundu mzito ni ugomvi: mafuta ya samaki yanakutana na madini ya chuma yaliyomo ndani ya mvinyo na mdomo unabaki na ladha ya msumari. Maharage ya nazi, ndizi nyama, rosti ya ng'ombe na mishkaki isiyo na pilipili vyote vinapokea mvinyo mwekundu bila shida.

Kujifunza kwa mchango wa watu wanane

Njia ya gharama ndogo ya kujua unachopenda ni kununua chupa zinazotofautiana kwa jambo moja tu. Jioni ya kwanza: chupa nne kavu za Afrika Kusini, bei zinazokaribiana, zabibu tofauti: Merlot, Cabernet Sauvignon, Shiraz na Pinotage. Watu wanane wakichanga, kila mmoja analipa nusu ya chupa. Zivishe mifuko ya khaki, ziandike namba, mimina mililita 50 kila moja. Kila mtu aandike mambo matatu: ukakasi mwingi au mdogo, unataka glasi nyingine au hapana, na ungelipa kiasi gani. Mifuko itolewe mwishoni. Jioni ya pili: zabibu moja, nchi nne. Ya tatu: zabibu moja, nchi moja, bei nne. Hiyo ya tatu huwa na kelele nyingi kuliko zote.

Piga picha lebo ya nyuma, sio ya mbele. Miezi mitatu baadaye utakuwa umesahau jina, lakini picha ina zabibu, eneo, mwaka na kiwango cha pombe, na mwenye duka anaweza kukutafutia nduguye hata kama chupa yenyewe imekwisha.

Mgahawani, mvinyo wa glasi ni kamari: uliza chupa imefunguliwa lini, na ukiambiwa "juzi" agiza kingine. Ukinunua chupa nzima, omba ndoo yenye barafu na maji, hata kama mhudumu atakushangaa kwamba ni nyekundu.

Ikibaki nusu

Usiiache mezani na kizibo nusunusu. Tafuta chupa ndogo ya kioo ya mililita 330 yenye kifuniko cha kuzungusha, ioshe vizuri, ijaze mvinyo hadi ukingoni kabisa mara tu unapofungua chupa kubwa, funga, weka kwenye friji. Kwa kuwa hakuna nafasi ya hewa, utadumu wiki moja au zaidi. Ukirudishiwa kizibo tu kwenye chupa yake na kuwekwa kwenye friji unadumu siku tatu hadi tano, na wenye ukakasi mwingi huvumilia kuliko myepesi. Utoe nusu saa kabla ya kunywa, Dar dakika 15. Ukianza kunuka tufaha lililokatwa likaachwa, usiumimine sinkini: glasi moja ndani ya sufuria ya rosti, baada ya vitunguu kuiva na kabla ya nyanya, uache uchemke hadi harufu ya pombe itoke. Ukifika kwenye siki halisi, chuja uweke kwenye chupa ya kachumbari.